Mpunga Unaopima Mchana

Bariadi iko chini ya nyuzi tatu kusini mwa Ikweta. Mchana mrefu kuliko yote mjini hapo huja siku chache kabla ya Krismasi, na ule mfupi kuliko yote huja mwishoni mwa Juni, wakati wa ununuzi wa pamba. Tofauti kati ya michana hiyo miwili ni kama dakika 20 tu.

Mkazi wa Bariadi anaweza kubisha. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na katikati ya Februari halionekani mpaka inapokaribia saa moja. Ni kweli, lakini machweo nayo husogea mbele kwa kiasi hicho hicho. Mchana mzima unahama juu ya uso wa saa kwa sababu ya namna dunia inavyolizunguka jua. Urefu wake unabaki palepale, saa kumi na mbili na dakika chache, leo na miezi sita ijayo.

Kwa binadamu, dakika 20 zilizotawanywa katika nusu mwaka ni kitu kisichohisika. Ng'ombe hutolewa zizini wakati ule ule na watoto huenda shule wakati ule ule. Mpunga ni kiumbe wa namna nyingine. Mmea huu hupima mchana, na kwa kipimo hicho huamua lini uache kutoa majani uanze kutoa suke. Upo hata mpunga ambao kwa kipimo hicho hicho huamua kama chavua yake itakuwa hai au itakufa kabla ua halijafunguka.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unasifika kwa pamba kuliko zao lolote. Hata hivyo, anayeteremka kutoka kwenye vilima vya mawe kuelekea bondeni huona udongo ukibadilika hatua kwa hatua: kichanga cha luseni juu, itogolo katikati, na chini kabisa mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Huko chini ndiko wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hujenga majaruba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ili kuyashika maji yanayoteremka kutoka juu. Sehemu kubwa ya majaruba hayo haina mfereji wala bwawa nyuma yake. Mvua ndiyo inayoamua. Miche huoteshwa kitaluni mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, hupandikizwa jaruba likishika maji, na mavuno huja Mei na Juni. Kwa maneno mengine, mpunga wa Simiyu hukua katika kile kipindi ambacho mchana, baada ya kufika kilele chake Desemba, huanza kupungua sekunde chache kila siku.

Je, mmea unaweza kweli kuhisi badiliko dogo namna hiyo? Jibu lilipatikana zamani, mahali pengine penye latitudo inayokaribiana na ya Bariadi, ila upande wa pili wa Ikweta. Malacca, katika Malaysia ya leo, iko nyuzi mbili na kidogo kaskazini, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi huko ni dakika 14. Mwaka 1959 mtafiti aitwaye Dore alichapisha taarifa kuhusu mbegu ya mpunga ya huko, Siam 29. Ilipopandwa Januari ilichukua siku 329 kutoa maua. Ilipopandwa Septemba ilichukua siku 161. Ardhi ilikuwa ile ile na mbegu ile ile, lakini muda ulipungua kwa zaidi ya nusu, na sababu yenyewe ilikuwa dakika chache za mwanga.

Si kila mpunga ni mwepesi wa kuhisi kama Siam 29. Mbegu nyingi za asili za nchi za joto zina tabia hiyo kwa viwango tofauti, na kwa karne nyingi iliwafaa wakulima. Mvua iwahi au ichelewe, mpunga wote wa bonde huchanua karibu wakati mmoja na huvunwa maji yakiwa yamekauka. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, ilipotoa mbegu ya IR8 huko Ufilipino mwaka 1966, moja ya sifa zake ilikuwa kutojali urefu wa mchana, ili mkulima mwenye maji apande mwezi wowote autakao. Mbegu nyingi za kisasa zilifuata mkondo huo.

Kazi ya kupima hufanywa na jani. Ndani ya seli zake mna kemikali iitwayo fitokromu, ambayo hubadilika umbo inapopigwa na mwanga mwekundu na hurejea taratibu gizani. Mmea pia una saa yake ya ndani, kundi la jeni zinazoamka na kulala kwa mzunguko wa takriban saa 24. Mmea hulinganisha viwili hivyo: saa ya ndani ilipofika mahali fulani, nje kulikuwa na mwanga au giza? Mpunga ni mmea wa mchana mfupi, na hasa wa usiku mrefu. Giza likiwa refu vya kutosha, ruhusa ya kuchanua hutolewa. Ndiyo maana huko Japani imeonekana kwamba mpunga ulio jirani na taa za barabarani huchelewa kutoa masuke kuliko ulio mita chache mbali. Taa zinapoongezeka pembezoni mwa miji ya mkoa huu, mwenye jaruba karibu na mlingoti wa taa ana sababu ya kulichunguza hilo.

Hapa ndipo jeni zinapoingia. Kila seli ya mpunga, kuanzia mzizini hadi kwenye punje, ina jeni zote za mmea. Kinachotofautisha jani na ua, au siku ya leo na ya mwezi ujao, ni jeni zipi zinatumika, kwa wingi gani na saa ngapi. Jeni hutumika pale inaponakiliwa kuwa RNA, na kwa kawaida RNA hiyo huenda kutengeneza protini. Jeni isiyonakiliwa ipo, lakini haifanyi kitu.

Mwaka 2000 watafiti wa Japani waliitambua jeni ya mpunga waliyoiita Hd1. Tabia yake ni ya kushangaza: katika mchana mfupi husukuma mmea uchanue, na katika mchana mrefu jeni hiyo hiyo huuzuia. Mwaka 2008 kundi la Wuhan, China, liliripoti kizuizi kingine cha michana mirefu, Ghd7. Mvutano wa jeni hizi na nyinginezo huishia hasa kwenye jeni ya Hd3a, ambayo protini yake hutengenezwa kwenye jani na kusafiri kupitia mishipa ya mmea hadi kwenye ncha ya chipukizi, na huko ndiko suke huanza. Safari hiyo ilithibitishwa mwaka 2007, miaka sabini hivi baada ya Mikhail Chailakhyan wa Urusi ya Kisovieti kudai kwamba lazima iwepo kemikali ya namna hiyo na kuipa jina la florijeni. Mwaka 2010 ikaonyeshwa kwamba Hd3a hutofautisha michana inayopishana kwa nusu saa tu.

Mpaka hapo habari ni ya wakati wa kuchanua. Habari ya chavua ni nyeti zaidi, na inaanzia kwenye umbo la ua lenyewe.

Ua la mpunga ni dogo na linajitosheleza. Kati ya maganda mawili, yale ambayo baadaye huwa kapi la punje, mna stameni sita zenye mifuko ya chavua, na ovari moja. Asubuhi jua likishapanda maganda hufunguka, mifuko hupasuka, chavua hudondoka kwenye ua lile lile, na baada ya saa moja hivi maganda hufunga. Chavua ikitoka nje haina maisha, hudumu dakika chache tu. Kwa hiyo mpunga hujichavusha wenyewe karibu wakati wote, na ndiyo maana mkulima wa Maswa anaweza kutunza mbegu yake ya Supa mwaka hadi mwaka bila kuharibika upesi.

Sifa hiyo inayomfaa mkulima ndiyo inayomtesa mtaalamu wa mbegu. Kutengeneza mahindi ya chotara si kazi ngumu sana: mbelewele ziko juu, mahindi yako katikati ya bua, kwa hiyo watu hupita shambani wakiondoa mbelewele za mistari inayotakiwa kuwa mama, na upepo huleta chavua ya baba kutoka mstari wa jirani. Kwa mpunga haiwezekani. Nani atafungua mamilioni ya maua ya hekta moja aondoe stameni sita katika kila moja? Njia inayofaa ni kuupata mmea ambao kwa asili yake upande wa kiume umekufa na upande wa kike uko hai.

Mmea wa kwanza wa maana wa aina hiyo ulipatikana Novemba 1970 katika kisiwa cha Hainan, China, miongoni mwa mpunga mwitu. Aliyeuona ni Li Bihu, msaidizi wa Yuan Longping. Kutokana nao Yuan na wenzake walijenga njia ya mistari mitatu: mama tasa upande wa kiume, mpunga mwingine wa kumzalisha mama huyo bila kumponya utasa, na baba wa tatu wa kurudisha uzazi ili chotara atoe punje. Njia hiyo iliwapa Wachina mavuno makubwa kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 2004 Yuan alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Monty Jones wa Sierra Leone, mzazi wa mpunga wa NERICA unaojulikana pia Afrika Mashariki. Lakini njia ya mistari mitatu ni ndefu, ina gharama, na ni baba wachache tu wanaoweza kuponya utasa wa aina ile.

Suluhisho lilikuwa tayari limeota katika shamba jingine, bila watu wengi kulijua. Mwaka 1973, katika wilaya ya Mianyang mkoani Hubei, bwana shamba aliyeitwa Shi Mingsong aliona mimea michache tasa katika mpunga wa mbegu ya Nongken 58. Angeweza kuing'oa. Badala yake aliitunza, na miaka iliyofuata akapanda uzao wake kwa tarehe tofauti tofauti. Matokeo yalijirudia: mimea iliyochanua katika michana mirefu ya kiangazi haikuwa na chavua hai, na iliyochanua mchana ulipopungua kuelekea vuli ilizaa punje kama mpunga mwingine. Mpaka ulikuwa karibu na saa 14 za mwanga. Mmea huo uliitwa Nongken 58S.

Faida yake inaeleweka mara moja. Mmea mmoja una kazi mbili. Kiangazi unakuwa mama: unapandwa kando ya baba yeyote mzuri, chavua ya baba inapulizwa juu yake, na punje zinazopatikana ni chotara. Vuli mmea huo huo unajizalisha wenyewe, na mbegu ya mama inapatikana tena. Mstari wa tatu hauhitajiki. Mwaka 1987 Yuan aliiweka njia hii ya mistari miwili katika mpango wa utafiti wa taifa lake, na mwaka 1995 China ilitangaza kwamba imefaulu.

Ilichukua karibu miaka arobaini tangu siku ya Shi Mingsong kujua nini hasa kimeharibika ndani ya mmea ule. Mwaka 2012 kundi la Zhang Qifa la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, Wuhan, lilichapisha jibu ambalo lingewashangaza walimu wa biolojia wa kizazi kilichotangulia. Jeni inayohusika haitengenezi protini yoyote. Inanakiliwa kuwa RNA ndefu yenye herufi 1,236, na RNA hiyo yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Waliiita LDMAR. Katika mchana mrefu mpunga wa kawaida hutengeneza LDMAR kwa wingi, na chavua hukua salama. Katika 58S herufi moja tu imebadilika. Badiliko hilo hugeuza umbo la RNA, na eneo la DNA linaloruhusu jeni kunakiliwa hujazwa alama za kemikali zinazoibana. Nakala zinapungua. Mchana ukiwa mrefu, kiasi kilichobaki hakitoshi.

Kinachofuata hutokea ndani ya mfuko wa chavua. Ukuta wa ndani wa mfuko huo umetandazwa safu ya seli ambazo kazi yao ni kulisha chavua changa, kisha kufa kwa wakati wake ili kuipisha. Katika 58S, michana ikiwa mirefu, seli hizo hufa mapema mno na chavua hukosa lishe. Kifo hiki cha seli ndani ya mpunga wa aina hiyo kilielezwa pia mwaka 2011 katika jarida la African Journal of Biotechnology na Njiruh, mtafiti wa Kenya, pamoja na mwenzake Xue. Kwa macho matupu mmea unaonekana mzima kabisa, una majani mabichi na suke zuri. Ukweli hujulikana kwa tone la iodini chini ya hadubini: chavua hai imejaa wanga, hivyo huwa nyeusi, na chavua iliyokufa hubaki na rangi ya njano.

Mwaka huo huo wa 2012 kundi la Guangzhou lilifika kwenye herufi ile ile kwa njia nyingine. Wao walisema mtendaji ni kipande kidogo sana cha RNA, chenye herufi 21, kinachotokana na eneo lile. Wakaonyesha jambo lenye uzito kwa nchi za joto: herufi hiyo hiyo ikiwa ndani ya mpunga wa aina nyingine, Peiai 64S, utasa hauongozwi tena na mchana bali na joto. Kasoro moja, mazingira tofauti ya jeni zinazoizunguka, na mmea unabadilisha unachokisikiliza. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kusomwa kwa makini zaidi katika vituo vya utafiti wa kilimo vya Ukiriguru, Dakawa na Ifakara kuliko nyingine yoyote.

Maana tatizo la Bariadi liko wazi. Wuhan, mwezi Juni, mchana huwa wa saa 14 na dakika chache, na Desemba hushuka hadi saa 10 na kidogo. Mmea unapewa hali zote mbili ndani ya mwaka mmoja bila mtu kulipia hata shilingi. Simiyu haina hizo. Mpunga wa 58S ukipandwa kwenye majaruba ya Itilima hautauona mchana wa saa 14 hata ukikaa miaka mia. Utazaa kama mpunga wowote, na hautafaa kuwa mama wa chotara. China pia imeripoti kinyume chake: mpunga wenye jeni mbovu ya CSA, ambayo katika hali yake nzima husaidia kupeleka sukari kwenye mifuko ya chavua. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba mpunga huo ni tasa katika mchana mfupi na unazaa katika mchana mrefu. Karibu na Ikweta ungekuwa mama mzuri, ila mbegu yake yenyewe ingelazimika kuzalishwa mbali, katika nchi yenye kiangazi cha michana mirefu, au chini ya taa, kisha iletwe. Kokote unakogeukia, Ikweta inatoa nusu ya kinachohitajika.

Wakenya walikutana na ukuta huu kwa vitendo. Katika skimu ya Mwea, chini ya Mlima Kenya, unalimwa Basmati, ule ambao wateja wa Nairobi huuita pishori. Una bei nzuri, lakini mavuno yake si makubwa. Watafiti walileta kutoka IRRI mistari ya mpunga yenye utasa unaotegemea mchana na joto, kwa nia ya kuizalisha na Basmati 370 na Basmati 217, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo ya majaribio yao. Mchana wa Mwea hauwezi kuifanya mistari hiyo kuwa mama. Joto ndilo lililosaidia: ndani ya kitalu nyumba, ambako hewa huchemka kuliko nje, chavua ilikufa, na nje mimea iliweza kuzaa. Shirika la teknolojia ya kilimo la AATF, lenye makao yake Nairobi, nalo limefanya kazi ya mpunga wa chotara kwa njia ya mistari miwili.

Joto, basi, ndilo mshikio ambao Afrika Mashariki inao. Tanzania ina bonde la Kilombero na Kyela zenye joto, na ina nyanda za juu zenye baridi, mwendo wa saa chache kwa gari. Mama tasa anaweza kuzalisha chotara bondeni na kujizalisha mwenyewe mlimani. Lakini joto halina nidhamu ya jua. Mchana wa tarehe 21 Desemba unajulikana urefu wake hadi miaka elfu ijayo, wakati joto la wiki ijayo hakuna anayelijua. China iliadhibiwa kwa hilo kiangazi cha 1989, baridi isiyotarajiwa ilipozirudishia mistari tasa uzazi na mbegu za chotara zikachanganyika na mbegu za mama. Baada ya hapo wataalamu walianza kuchagua mistari inayobaki tasa hata joto likishuka hadi karibu nyuzi 23 na nusu. Mashamba ya Simiyu, yaliyo juu ya usawa wa Ziwa Victoria lenye mwinuko wa mita 1,134, hupoa usiku. Si mahali pa kuzalishia mbegu ya aina hii kwa kubahatisha.

Yote haya hayamhusu mtaalamu wa mbegu peke yake. Mkulima wa jaruba anaujua utasa wa kiume wa mpunga, ila anaujua kwa jina lake la shambani: mapepe. Masuke yanasimama wima badala ya kuinama, na ukiyapukuchua mkononi upepo unayachukua. Mpunga wa kawaida, usio na kasoro yoyote ya jeni, hupoteza chavua yake ukikutana na shida katika wakati mbaya. Wakati huo ni ule ambao wakulima husema mpunga una mimba, siku kumi hadi kumi na tano hivi kabla suke halijachomoza, na tena siku zenyewe za kuchanua. Ukame ukipiga hapo, sukari hushindwa kufika kwenye mifuko ya chavua. Joto likipita nyuzi 35 saa ya kufunguka maua, mifuko hushindwa kupasuka vizuri. Baridi kali wakati wa mimba huvuruga zile seli za kulisha. Katika shida zote hizi upande wa kike wa ua huvumilia zaidi, na wa kiume ndio hutangulia kufa. Inatia uchungu kuona familia imelima kwa maksai, imepandikiza, imepalilia, imefukuza ndege, kisha imepoteza gunia kwa sababu ya wiki moja ya jua iliyokuja mpunga ukiwa na mimba.

Mapepe yana sababu nyingine pia. Kunguni wa mpunga hufyonza punje changa, na ugonjwa wa kimyanga unaolifanya jani kuwa la njano huacha masuke yasiyojaa. Anayetaka kujua chanzo aangalie jaruba zima. Kama mimea ni ya kijani na mizima, haina wadudu, na mapepe yamepatikana katika majaruba yaliyochanua wiki moja tu, huku ya jirani yaliyochanua kabla au baada yake yamejaa, chavua ndiyo iliyokufa.

Hapo tarehe ya kupanda inakuwa na uzito ambao mara nyingi haupewi. Katika Usukuma mvua huwa na tabia ya kukatika kwa muda Januari au Februari. Mbegu isiyojali mchana, kama SARO 5, ambayo wataalamu huiita TXD 306 na ambayo ilitoka katika utafiti wa ndani mwanzoni mwa miaka ya 2000, huhesabu siku zake tangu kuoteshwa. Ukichelewesha kitalu wiki tatu, mimba nayo huchelewa takriban wiki tatu. Mbegu ya asili inayohisi mchana haifanyi hivyo. Ikicheleweshwa hujaribu kuchanua karibu na wakati wake wa kawaida, ikiwa bado ndogo na ina machipukizi machache. Kwa hiyo mkulima mwenye mbegu zote mbili hawezi kuzitendea sawa: ile ya asili inataka kuwahiwa, na ya kisasa inampa nafasi ya kupanga mimba ikae mbali na kipindi cha ukame. Njia rahisi ya kuijua mbegu ya nyumbani ni kuotesha kiasi kidogo kwa tarehe mbili zinazopishana mwezi mmoja, kisha kuandika siku suke la kwanza linapotoka. Yakitoka karibu pamoja, mbegu hiyo inapima mchana.

Kuhusu chotara, wakulima wa mkoa huu watakuja kuletewa, na ni vyema wajue wanacholetewa. Mpunga wa chotara uliozalishwa kwa mistari miwili hutokana na kuchavusha mimea ya mpunga kwa mpunga, na kasoro ya 58S ilijitokeza yenyewe shambani, kwa hiyo si zao lililohamishiwa jeni kutoka kwa kiumbe kingine. Huko China umechukua karibu nusu ya eneo la mpunga, na kwa kawaida huzidi mbegu bora za kawaida kwa asilimia 15 hadi 20. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba punje zake hazifai kuwa mbegu: ukizipanda msimu unaofuata, shamba linatoa mimea ya kila aina. Mbegu inunuliwe upya kila mwaka, ikiwa imethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu.

Na swali la kumuuliza anayeleta mbegu hiyo liwe la wazi. Mavuno makubwa yanayotajwa kwenye vipeperushi hupatikana penye mifereji na mbolea ya kutosha. Jaruba la mbugani lina maji ya mvua, mara yamejaa hadi kingo kubomoka, mara yamekauka hadi udongo kupasuka. Chotara itakayomfaa mkulima wa Bariadi ni ile iliyojaribiwa katika udongo huo huo, chini ya mchana huo huo wa saa kumi na mbili, kwa misimu kadhaa yenye mvua nzuri na mbaya, na taarifa yake ikaonyesha asilimia ya mapepe ya kila msimu pamoja na uzito wa magunia.